Bibi Mlinzi wa Nyumba ya Kahawa

Jina lake nalijua, na liko kwenye kitabu cha wageni hapa mezani kwangu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, lakini sitalitaja. Hakuna aliyekuwa akimwita kwa jina. Kuanzia njia panda ya lami mpaka mashamba ya kahawa ya juu, mkubwa kwa mdogo walimwita Bibi Mlinzi, naye aliitikia kana kwamba ndivyo alivyobatizwa. Alifariki mwaka jana huko Mbebe, nyumbani kwa mdogo wake, kwa ugonjwa wa kifua. Huku kwetu wapo wanaosema sisi ndio tuliomuua. Hatukumuua. Ila ningekuwa naliamini hilo moja kwa moja, nisingekaa chini kuandika haya.

Nyumba aliyoilinda tuliiita nyumba ya kahawa, miaka mingi kabla baba mdogo wangu hajabandika kibao cha nyumba ya wageni. Iko juu ya kilima, nusu saa kwa pikipiki kutoka Vwawa. Ni nyumba ndefu ya matofali ya kuchoma, ina baraza la mbao mbele, na juu ya bati zimesimama dohani nne za kutolea moshi. Aliijenga Mzungu mmoja mwenye mashamba ya kahawa, akaondoka. Ikawa ofisi ya shamba la umma, ikawa stoo ya mbolea, kisha shamba likafa na nyumba ikabaki haina mwenyewe. Mume wa Bibi ndiye aliyekuwa ameajiriwa kulinda. Mume alipofariki, Bibi akachukua tochi na rungu akaendelea. Shamba lilipofungwa hakuna aliyekumbuka kuja kumwambia kwamba kazi imekwisha, na yeye hakuwa mtu wa kuuliza maswali ya namna hiyo. Ukimtania kuwa analinda bure, anakujibu kwamba hana mshahara, sasa nani ataweza kumwachisha kazi.

Alikaa humo zaidi ya miaka thelathini, katika chumba kidogo kilicho ubavuni mwa jiko. Vyumba vikubwa vya kulala vilikuwa vitano, vyote vina sakafu ya mbao na madirisha ya kutazama milima ya Ileje, na vyote vilikuwa vitupu. Hakulala hata siku moja katika kimojawapo. Alikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati, kalenda ya kanisa ya mwaka uliokwisha pita, na dirisha moja lililoangalia mti wa peasi. Habari yote ninayoisimulia ni habari ya chumba hicho.

Mimi alinifahamu kwa wizi. Shule yetu ya msingi ilikuwa chini ya kilima, na mpeasi ule ulikuwa mmoja tu kata nzima. Siku niliyokamatwa nilikuwa darasa la tatu, sketi imejaa mapeasi, wenzangu wote wameshakimbia. Hakunipiga. Alinikalisha jikoni, akanitazama nikila moja baada ya jingine mpaka tumbo likaniuma, halafu akanirudisha kwa mama akiwa amenishika mkono. Tangu siku hiyo jina langu kwake likawa Mwizi. Nilipofaulu kwenda sekondari, alimwambia mama, hongera, nasikia Mwizi amefaulu. Siku ya harusi yangu alikuja na kuku wawili, akawauliza wakwe zangu mbele ya watu kama wameambiwa kwamba wanamchukua Mwizi. Watu walicheka mpaka mchungaji akaja kuuliza kuna nini.

Na huyo huyo aliyekuwa akitufukuza na rungu mwaka mzima, siku ya kufunga shule alishuka na ndoo mbili za mapeasi akagawa, kila mtoto mawili, huku akitutukana. Huyu ana meno mabovu, yule ana mikono ya nyani, wewe umelelewa na nani. Hakuna aliyekosa. Kanisani alikuwa hakosi ibada, amekaa benchi la pili na kopo la ugoro kwenye pindo la kanga. Alisinzia mahubiri yote, lakini mhubiri akikosea sura au mstari, macho yalifunguka, akamsahihisha kwa sauti. Mchungaji mmoja kijana alihama kwa sababu yake. Ndivyo walivyosema, nami siwezi kukataa.

Yule Mzungu aliyejenga hakuwahi kumwona hata kwa picha, lakini alimsema kama jirani aliyegombana naye jana. Mlango wa stoo ulikuwa unakwama kila masika, basi Bibi akiusukuma kwa bega utamsikia akimlaumu, huyu bwana hakujua kuweka mlango, huyu bwana alikuwa na haraka gani. Baada ya hapo anapiga magoti na kitambaa chenye nta ya nyuki, anaanza kung'arisha mbao za sakafu ya huyo huyo bwana, chumba hadi chumba, kwa ajili ya watu ambao hawakuwepo.

Mlango wa mbele hakupita. Funguo zote tisa zilikuwa kiunoni mwake, zimefungwa kwa kipande cha kitenge, ule wa mbele ukiwa mkubwa kuliko yote, ila yeye aliingia na kutoka kwa mlango wa jikoni. Wote tuliokwenda kumsalimia tulizunguka nyuma. Mlango wa mbele ni wa wageni, alikuwa akisema, na wageni hawajafika.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi walilichukulia kama kichaa. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, mpaka zinapokata mwezi wa tano, Bibi aliwasha moto ndani ya vyumba vitupu. Siyo wa kupikia, wala wa kuota. Aliwasha kwa zamu. Jumatatu sebuleni, Jumanne chumba cha kona, Jumatano chumba cha bwana, Alhamisi chumba cha kulia, kisha anarudia, Jumapili mapumziko kwa sababu ya ibada. Kuni zake zilikuwa matawi ya mibuni yaliyopogolewa na magunzi ya mahindi, aliyoyaomba kwa wakulima wakishapukuchua. Utotoni tulisikia kwamba anawaotesha moto wafu wa Kizungu. Nilimuuliza mara moja, nikiwa mkubwa, akaniambia tu kwamba nyumba ile isipopata moto inaugua. Nikacheka, nikaaga.

Baba mdogo aliinunua nyumba kihalali kabisa, sitaki mtu amfikirie vibaya. Alianza maisha kama utingo wa malori Tunduma, na anasema kila walipopita barabara kuu alikuwa akiinua macho kuitazama ile nyumba kilimani na kuapa kimoyomoyo. Alipofanikiwa, kwa kuvusha mahindi na vipodozi, alitimiza. Alitaka watu wanaokuja kuona kimondo, lile jiwe lililoanguka kutoka angani, wakaguzi wa kahawa, na Wazambia wenye magari mazuri, wapate mahali pa heshima pa kulala. Siku ya kwanza alikwenda na hati zake mkononi mpaka mlango wa mbele, akagonga. Bibi alimchungulia dirishani akamwambia azunguke jikoni kama watu wengine. Baba mdogo alizunguka. Alirudi Tunduma akicheka, akanipigia simu nikiwa kwenye mgahawa wangu pale mpakani, nimechoka kukaanga chipsi za madereva, akaniambia niache hiyo kazi nikamsimamie ujenzi.

Bibi aliniuliza swali moja tu. Tulikuwa tumekaa kitandani kwake, nala peasi, nje mafundi wanashusha mifuko ya saruji.

"Na mimi?" akauliza.

"Bibi, chumba chako hakiguswi," nikamwambia. "Watapaka rangi tu."

Nilisema kweli siku ile. Baba mdogo alikuwa amekubali. Nilisema hivyo na kuendelea kula.

Mafundi walitoka Tunduma, na Tunduma watu wanajua tofali la saruji. Ukuta wa tofali la kuchoma uliojengwa kwa udongo na kupigwa chokaa hawakuwahi kuufanyia kazi, na walivyouona wakauhurumia. Wakabandua chokaa yote, wakapiga lipu ya saruji ndani na nje, ngumu, nzito, laini kama sahani. Sakafu za mbao wakazifunika kwa marumaru. Dari zikawa za jipsamu zenye taa za rangi. Dohani nne wakaziziba kwa zege kwa juu, na chini, pale moto ulipokuwa ukiwaka, wakatundika televisheni. Bibi aliyapinga yote. Alikuwa akisimama nyuma ya fundi mkuu kuanzia asubuhi akimwambia, utaiziba pumzi, mwanangu, unaiziba pumzi. Fundi alimheshimu kwa umri wake, akaendelea kupiga lipu. Nilipomfikishia baba mdogo, alinijibu kwamba moto ndani ya nyumba ni umaskini, kwamba yeye amelelewa ndani ya moshi na hataki kumlaza mgeni ndani ya moshi. Hapo hakuwa akijivuna. Mama yake aliharibika macho kwa moshi wa jikoni.

Halafu ikaja habari ya chumba cha sita. Mabomba ya maji yalikuwa yanapita jikoni, na chumba cha Bibi ndicho kilichokuwa rahisi kukiwekea bafu. Baba mdogo alisema Bibi atajengewa kibanda kizuri getini, mlinzi hukaa getini. Nilibisha siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda nikamwambia Bibi kwamba vumbi la saruji litamuua, kwa hiyo apumzike Mbebe kwa mdogo wake. Ujenzi ukiisha nitakufuata mwenyewe, nilimwambia. Ya bafu sikuyataja. Nilijiambia kwamba kibanda kikiwa tayari nitamweleza taratibu.

Aliondoka mwezi wa nane, kiangazi, kukavu kabisa. Pamoja na hayo asubuhi ile aliwasha moto sebuleni, ambako dohani ilikuwa bado haijazibwa, akangoja mpaka makaa yakawiva. Akayachota kwenye kopo la maziwa ya unga, akayafunika kwa majivu. Huko kwao mtu anayehama kwa heri huondoka na moto wa nyumba aliyotoka, akawashie nao moto wa nyumba anayokwenda. Dereva wa pikapu alikataa kubeba moto mbele, basi akapanda nyuma, na sanduku lake na kopo lake, mwanamke wa umri ule. Aliponikabidhi funguo alianza kunipa zamu. Jumatatu sebuleni, Jumanne chumba cha kona, usichanganye, chumba cha bwana kinataka kuni nyingi kwa sababu ya ule ukuta wa kusini. Fundi alikuwa ananiita kuhusu marumaru zilizovunjika. Niliitikia ndiyo Bibi, ndiyo Bibi, macho yangu yakiwa kwa fundi.

Siku za soko Vwawa huja mama mmoja kutoka Mbebe kuuza maharage. Mwezi wa kumi alinifuata akaniambia Bibi anasalimia, anauliza ujenzi umeisha. Nikamjibu bado kidogo, nikamnunulia Bibi sukari na sabuni. Baada ya Krismasi akaja tena na swali lile lile. Bado kidogo, sukari, sabuni, na kitenge. Kibanda cha getini kilikuwa msingi tu, saruji ilikuwa imekwisha. Mara ya tatu ilikuwa mwishoni mwa Februari. Ninakumbuka vizuri kwa sababu siku ile vyumba vyote sita vilikuwa na wageni, na mimi nilikuwa sokoni kuwatafutia parachichi za asubuhi. Nikasema bado kidogo. Yule mama alinitazama, akatazama kapu langu la parachichi, akapokea sukari.

Na nyumba yenyewe ilikuwa imeanza kuugua. Nakiri nilikuwa sijawahi kuona kitu kama kile. Ilianza chumba namba nne, kile cha bwana, ukuta wa kusini. Rangi ikavimba kama malengelenge. Ukiyapasua unatoka unga mweupe, kama chumvi. Kisha harufu, ile ya nguo zilizosahaulika ndani ya beseni. Mashuka hayakauki, viatu vya wageni vinaota ukungu chini ya kitanda kwa siku mbili. Fundi mkuu akaja, akakwangua, akaongeza saruji nyingine. Baada ya wiki mbili ukuta ukatoa maji juu ya kiraka chake. Ndipo usiku mmoja niliposhtuka kitandani nikihesabu kwa vidole, Jumatatu sebuleni, Jumanne chumba cha kona. Yule mwanamke alikuwa akiikausha nyumba. Miaka yote ile, mvua ikiingia matofalini, yeye aliitoa kwa moto, chumba kwa chumba, na chokaa ikiupitisha ule mvuke nje. Nilimpigia baba mdogo kesho yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema atanunua mashine za kukausha hewa. Habari ya kupasua zege la dohani hakutaka kuisikia.

Nilipaswa kwenda Mbebe siku hiyo hiyo. Ningekwenda hata kumwomba ushauri tu, ingekuwa njia ya kumwona. Niliona aibu. Nikawa naahirisha, wiki hii nina wageni wa kahawa, wiki ijayo nina semina ya walimu.

Alikuja mwenyewe, katikati ya Machi, alasiri ya mvua. Nilikuwa kaunta, naandika bei ya vinywaji. Nikasikia mtu anakung'uta miguu barazani, muda mrefu, kama anayeogopa kuchafua. Nikainua macho. Alikuwa amesimama mlango wa mbele, sanduku la bati kichwani, mwavuli mkononi. Alikuwa amekonda sana.

"Wageni wanapita huku, sivyo?" akauliza.

Nilitoka nikapokea sanduku. Aliingia polepole, akasogea kwenye ukuta wa sebule, akaweka mgongo wa kiganja, namna mama anavyompima mtoto homa. Akaenda ukuta wa pili, akafanya vile vile. Akaniambia kuta zinatoka jasho. Akauliza nawasha siku gani. Nikasema hatuwashi, Bibi. Aliitazama televisheni iliyokaa mahali pa moto, na mpira uliokuwa unachezwa humo.

Nilimpeleka chumba namba sita, kwa bahati kilikuwa wazi. Alisimama kizingitini. Kitanda chake kilipokuwa ndipo choo kilipo sasa. Dirisha limebadilishwa, limekuwa dogo, la kioo kisichoonyesha, na hata lingeonyesha, mpeasi tuliukata kupata maegesho. Nilitaka kulia, na nilitaka anitukane, mikono ya nyani, umelelewa na nani. Hakunitukana. Aliuliza sanduku aliweke wapi ili asiharibu kitu.

Nikatoka nikampigia baba mdogo. Nilisikia malori nyuma yake, akimalizana na Mzambia mmoja kwa lugha ya kwao, eya mukwai, eya mukwai, yaani ndiyo bwana, kisha akanisikiliza. Alisikitika, nasema kweli. Akasema alale bure, siku moja, mbili, hata wiki, apikiwe vizuri, halafu nitafute gari la kumrudisha. Kibanda tutakiangalia mwakani. Ila nimwandike kwenye kitabu, kwa sababu yeyote anayelala pale lazima aandikwe, wakaguzi wakikuta mtu hajaandikwa ni matatizo.

Basi nikamwandika. Alikaa mbele ya kaunta, kwenye kiti cha wageni, nami nikafungua kitabu. Jina nalijua, nikaandika. Umri akakisia. Kabila nalijua. Kazi.

"Mlinzi," akasema. Nikaandika mlinzi.

Anakotoka. Akasema Mbebe, nikaandika. Ikabaki sehemu ya mwisho, anakokwenda. Nilimuuliza bila kumtazama, kama ninavyowauliza wote.

"Nilikuwa nakuja hapa," akasema.

Kalamu ilibaki hewani. Nadhani alinihurumia, maana alinyoosha kidole akagusa ule mstari. "Andika Mbebe, basi," akasema. Nikaandika. Akaweka sahihi yake, herufi moja moja, akaomba maji ya moto ya kunywa akaenda kulala.

Sikulala vizuri. Kufikia asubuhi nilikuwa nimeamua nitamwambia kila kitu, kwamba nilimdanganya kuhusu chumba, kwamba sukari ile ilikuwa ya kumnyamazisha, kwamba nitapasua lile zege mwenyewe kwa nyundo, baba mdogo akasirike. Nilifika kaunta saa kumi na mbili kasorobo nikamkuta ameshasimama pale, amevaa koti, sanduku chini ya miguu. Nilikwenda chumbani kukagua, kazi imenizoesha. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kuliko wasichana wangu wanavyotandika, taulo haikuguswa, sabuni ndogo haijafunguliwa. Alikuwa amefuta maji ukutani kwa kanga yake, kuanzia chini mpaka mkono wake ulipofika.

Niliporudi niliyasema yote, ovyo ovyo, bila mpangilio. Alinisikiliza. Nikamwomba asubiri mvua ikatike nimwitie pikipiki, akasema atatembea mpaka lami, njia anaijua. Akaweka ufunguo wa namba sita juu ya kaunta, akausogeza kwangu kwa vidole viwili.

"Asante kwa kunipokea, dada," akasema.

Wageni wote huniita dada. Nilisimama pale nikingoja aniite Mwizi, hata kwa hasira, hata akiwa ameshanipa mgongo. Alivaa viatu vyake barazani, akafungua mwavuli, akajitwisha sanduku, akashuka kilima.